Kona ya Nne

Sanduku la maiti lina kona nne, na siku msanii Kona alipozikwa, moja ya hizo kona ilishikwa na Ngigi. Nyuma, upande wa kulia. Lilikuwa zito kama friji. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe pale kwa karwoshi ya Maina ya kuoshea magari, mtaani Fedha, akiwa ameketi juu ya kreti ya soda kama chifu barazani, na hakuna aliyembishia kwa sababu hakuna mwingine pale aliyehudhuria.

"Bega bado linauma," alisema, akisugua bega la kushoto.

Kesho yake alisugua la kulia. Watu waliokuwa wakilia hawakuwa na nafasi ya kulinganisha mabega.

Ukweli ni kwamba wakati Kona anapelekwa kaburini, Ngigi alikuwa sokoni Gikomba, mguu mmoja ndani ya suruali ya suti na mwingine nje.

Tuanze na Kona. Kwenye kitambulisho aliitwa Khalif, mtoto wa familia yenye duka la jumla, nyumba ya tatu ukitoka karwoshi. Jina la Kona lilitoka kwa mistari yake. Ilikuwa ikianza ikienda moja kwa moja kama mtu anayekwenda kanisani, halafu mwishoni inapiga kona, nawe unajikuta umecheka kabla hujajua umechekeshwa na nini. Hakuwahi kuimba juu ya magari wala dhahabu. Aliimba juu ya mafua, juu ya maji kupotea Alhamisi, juu ya vibarua wa Industrial Area wanaosimama getini alfajiri wakinyoosha shingo ili foromani aone kichwa chao kwanza. Redioni alisikika mara moja moja, lakini kutoka Fedha hadi Tassia hukukosa mtoto wa kukumalizia mstari wake.

Na kumalizia mistari ndiyo iliyokuwa kazi ya Ngigi.

Kona alikuwa na pumu tangu utotoni. Kile kibomba chake cha kuvuta dawa kilikuwa mwanachama wa tatu wa kundi: Kona, Ngigi na kibomba. Katika shoo yao ya kwanza, kwenye uwanja wa shule, pumzi ilimwishia Kona mwisho kabisa wa mstari, neno moja tu likiwa limebaki. Ngigi akalidaka kabla halijaanguka, akalirusha kwa watu. Uwanja ukalipuka. Walidhani ni mbinu. Basi ikawa mbinu. Tangu siku hiyo Kona akawa anamwachia neno la mwisho makusudi, hata siku ambazo pumzi ilikuwa tele.

"Foromani akiita kazi, naskia homa," Kona angeimba. "Kengele ya lanchi ikilia, saa hiyo hiyo na—"

"Pona!" Ngigi angemaliza, na umati wote wa wasee nyuma yake.

Jumanne asubuhi simu ya Ngigi ililia. Alikuwa Hashi, kaka mkubwa wa Kona, mtu wa duka na msikiti, ambaye hakuwahi kukanyaga karwoshi wala kusikiliza wimbo hata mmoja hadi mwisho. Namba ya Ngigi alikuwa nayo kwa sababu moja tu: Kona akizidiwa na kifua nje ya nyumba, Ngigi ndiye hupiga.

"Ngigi," Hashi alisema. "Khalif ametangulia."

"Ametangulia wapi, brathe? Si shoo ni Jumamosi?"

"Amefariki, Ngigi. Alfajiri. Kifua."

Ngigi alijifungia chooni, akafungua bomba ili majirani wasikie maji na wasisikie kingine. Maji yalikuwa yamepotea. Majirani wakasikia kila kitu.

Alipotoka huko alikuwa na wazo moja kichwani, na mtu mwenye wazo moja ni hatari kuliko mtu asiye nalo: Kona hatazikwa na rafiki aliyevaa hudi, sweta la kofia. Angetafuta suti. Muda ulikuwepo. Kwao Ngigi, mtu akifa kuna mochari, kuna kamati, kuna picha ya marehemu akitabasamu kwenye makundi ya simu, kuna mchango, na baada ya hayo yote ndiyo kuna Jumamosi. Babu yake alikaa mochari hadi wajukuu wakafunga shule. Alijua, kama watu wote wa Nairobi wanavyojua, kwamba Waislamu huzika haraka. Lakini kwa akina Ngigi, haraka maana yake ni Ijumaa.

Akiwa Gikomba, katikati ya mabeli ya mitumba na mikokoteni inayokukanyaga huku ikikuomba njia, alimpigia Hashi asionekane amepotea.

"Brathe, niko huku Gikomba. Mkinihitaji, neno moja tu."

"Gikomba?" Hashi aliuliza, na sauti yake ikalegea kidogo. "Vizuri. Basi uko karibu."

Ngigi alijiuliza karibu na nini, maana kutoka Gikomba hadi Fedha ni safari ya kuvuka nusu ya Eastlands. Akasema ni majonzi, yanamchanganya mtu ramani.

Muuza suti aliitwa Beldina, mama mwenye mdomo wake.

"Harusi ama mazishi?"

"Mazishi."

"Basi achana na hiyo ya kijivu, hiyo ni ya kuombea kazi. Chukua hii nyeusi. Hii imeshazika watu kadhaa, ina uzoefu."

Ngigi akacheka. Ngigi akiumwa hucheka, ndivyo alivyoumbwa. Alikuwa ndio ameingiza mguu mmoja kwenye suruali, nyuma ya shuka lililotundikwa, simu ilipotetemeka. Ujumbe wa Hashi.

*Tuko Kariokor. Tumeshaswali adhuhuri, tunaanza. Harakisha.*

Sasa hapa ndipo penye shida. Mtu wa Eastlands ukimwambia Kariokor, pua yake inatangulia. Kariokor ni moshi, ni mbuzi juu ya makaa, ni ugali unaokatwa kwa kisu. Na kamati za mazishi za kwao Ngigi hukutania wapi kama si mahali pa nyama? Akaona picha yote: wazee wa ukoo wamezunguka meza, mwenyekiti amechaguliwa, mweka hazina anang'ang'ana na kalamu. Wanaanza. Hashi naye, pamoja na ukali wake wote, amemkumbuka. Machozi yakamjia Ngigi. Na kwa kuwa yalimjia, akaandika:

*Anzeni tu brathe. Niwekeeni mbavu.*

Akaweka na vile vikatuni vya kucheka, vitatu, kwa mstari.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imelia upande wa Pumwani. Beldina alikuwa amepunguza sauti ya redio yake kwa heshima, na Ngigi akatumia nafasi hiyo kumwomba apunguze na bei. Walivutana hapo kitambo. Ilibidi pia mikono ya koti ifupishwe, na fundi alikuwa na foleni. Kutoka pale alipokaa akingoja fundi hadi makaburi ya Waislamu ya Kariokor, mtu anatembea tu, tena polepole, na hafiki akiwa amechoka.

Jioni akashuka Fedha amevaa suti, kola imenyooka, akaenda hadi nyumba ya tatu. Mlangoni palikuwa na viatu vingi vimepangana. Hashi akatoka. Kanzu yake ilikuwa na udongo mwekundu kwenye pindo.

"Pole sana, brathe," Ngigi alisema. "Niliona kamati imeshaanza. Mmempeleka mochari gani, nikamwone?"

Hashi alimtazama, akaitazama na suti.

"Tumemzika, Ngigi. Mchana."

"Mmemzika wapi?"

"Kariokor."

"Kariokor... sokoni?"

"Makaburini. Nilikuandikia."

Halafu akarudi ndani. Hakufunga mlango. Angefunga, Ngigi angejua la kufanya: angegonga, angelia, angeomba msamaha. Lakini mlango uliachwa wazi, na ndani watu walikuwa wakisoma dua kwa sauti ya chini, naye amesimama nje kama mtu aliyeleta mzigo nyumba isiyo yake. Akaondoka.

Njia ya kwenda kwake inapita karwoshi. Maina mwenyewe alikuwepo, na Phares kinyozi, na wengine, wote wamesimama bila kuosha gari. Habari ya maziko ilikuwa imewafikia dakika hiyo hiyo.

"Buda, ati ameshazikwa?" Maina aliuliza. "Leo leo? Hakuna mtu ametuambia! Hata kumuaga?"

"Wamemficha kama mwizi," Phares alisema. "Msee wetu."

Wakamtazama Ngigi. Wakaitazama suti. Suti nyeusi, mpya kwa macho yao, na vumbi la Gikomba kwenye viatu, ambalo kwa mwanga ule lilikuwa vumbi tu kama la mahali popote.

"Wewe ulikuwa huko," Maina alisema. Hakuuliza. Suti ilikuwa imeshajibu.

Ngigi alifungua mdomo kusema hapana. Mbele yake palikuwa na wanaume wazima wanaolia kama watoto waliosahauliwa shuleni.

"Nilikuwa," alisema. "Nilishika kona moja ya sanduku."

Wakamkumbatia, mmoja baada ya mwingine. Maina alimshika mkono wa kulia, asiuachie, kana kwamba bado una joto la mbao.

Uongo ni kama paka wa ploti: ukimlisha mara moja, ni wako. Kila siku mtu alikuja na swali, na kila siku sanduku likaongezeka kitu. Jumatano likapata vishikio vya shaba. Alhamisi likapata rangi ya kahawia, iliyong'arishwa hadi unajiona. Phares, mtoto wa kanisa, akauliza kama kulikuwa na mahubiri.

"Sheikh alihubiri saa mbili nzima," Ngigi alisema. "Mpaka mimi mwenyewe nikakaribia kuokoka."

"Waislamu huokoka?"

"Phares, msee amekufa na wewe unaniuliza maswali ya mtihani."

Wakacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumanne. Na Ngigi akaona kwamba hadithi ile inawatibu. Hakuna aliyemuaga Kona, lakini Ngigi alimbeba, na Ngigi ni wao. Basi nao walimbeba. Angewanyang'anyaje? Hayo ndiyo aliyojiambia. Usiku, hata hivyo, alipovua shati, alikuwa akilitazama bega lake kwenye kioo. Safi. Halina hata mkwaruzo.

Maina akatangaza kwamba Jumapili alasiri wangemkumbuka Kona palepale karwoshi. Mchoraji wa ukutani akaletwa. Akachora uso wa Kona kwenye ukuta wa tangi la maji, akicheka, kibomba mkononi. Halafu Maina akapata wazo: picha iwe na fremu kama sanduku, na kwenye kila kona liandikwe jina la mtu aliyemshika. Chini kulia pakaandikwa NGIGI, kwa rangi nyeupe, herufi za kushiba. Kona tatu zikabaki tupu.

"Hizo tatu ni nani?" mchoraji aliuliza.

"Ni watu wa kwao," Ngigi alisema. "Majina magumu."

"Tutauliza," Maina alisema. "Na wewe ndiye utashika maiki Jumapili. Nani mwingine? Wewe ndiye ulimfikisha."

Hapo ndipo Ngigi angeweza kushuka kwenye uongo wake. Lakini tangu Jumanne kulikuwa na neno moja limemkwama kooni, lile la mwisho wa mstari, na hakuwa na mahali pa kulisemea. Kaburi hakulijua. Kumuuliza Hashi hakuthubutu. Palibaki maiki ile tu. Angesimama, wimbo ungechezwa, Kona angemwachia nafasi yake, naye angelisema hilo neno mbele ya watu, mara moja, na hayo yangekuwa mazishi yake. Bei ya kuingia ilikuwa sanduku. Hashi hakuwahi kuja karwoshi akiwa na furaha. Angekuja akiwa na msiba?

Jumapili mawingu yalikaa chini, mazito, bila kunyesha. Watu walijaa hadi kwenye mtaro. Spika mbili za kukodi zilikuwa juu ya meza ya kufulia mazulia. Ngigi alisimama mbele ya ukuta ndani ya suti yake.

"Niaje wasee," alisema.

"Poa," wakajibu, polepole.

"Kona angekuwa hapa angeniambia, Ngigi, hiyo suti umeazima kwa marehemu gani?"

Wakacheka huku wanafuta macho. Akawapeleka. Akawabebesha sanduku lile kahawia, akawapa kila mmoja kishikio cha shaba, akawapitisha getini, miguu ikizama kwenye udongo, sheikh akilia. Alisimulia vizuri kuliko alivyowahi kusimulia chochote maishani. Hata yeye mwenyewe aliliona sanduku. Bega lilimuuma kwelikweli.

Halafu akamwona Hashi.

Alikuwa nyuma, karibu na bomba la maji, amevaa kanzu iliyofuliwa, mikono imefumbatwa mbele. Haikujulikana alifika lini. Ngigi alimeza sentensi nzima.

"Cheza wimbo," alimwambia kijana wa spika haraka. "Cheza, cheza."

Mdundo ukaanza. Lakini Maina naye alikuwa amemwona mgeni, na Maina ana heshima zake. Akachukua maiki kwa upole kutoka mkononi mwa Ngigi.

"Punguza hiyo sauti kidogo. Wasee, brathe wa Kona amekuja. Karibu, brathe Hashi, karibu mbele. Pole sana kwa familia." Umati ukafungua njia. "Hatutakusumbua. Ni kitu kimoja tu tunaomba. Unaona hapa ukutani? Tunaandika waliomshika. Ngigi tumeshaandika. Tusaidie hizo kona tatu."

Hashi alifika mbele. Aliutazama uso wa mdogo wake ukutani muda mrefu, hasa kile kibomba. Kisha akalitazama jina.

"Mbele kulia nilishika mimi," alisema. Hakuwa amezoea maiki, alikuwa ameiweka mbali na mdomo. "Mbele kushoto, mjomba wangu Aweys. Nyuma kushoto, kijana wa dukani kwetu."

Mchoraji alikuwa tayari na brashi. "Na nyuma kulia, Ngigi," alimalizia, akiitikia kwa kichwa.

Hashi aliitazama tena kona ile.

"Lilikuwa zito hilo sanduku, eh?" Phares aliuliza, kwa huruma.

"Sanduku gani?"

"La... la Kona. Lile la kahawia."

"Sisi hatuziki na sanduku," Hashi alisema. "Mtu anaingia kaburini na sanda yake. Kuna jeneza la msikiti la kumbebea, kitanda cha chuma tu. Ukimaliza, linarudi msikitini kumngoja mwingine."

Spika zilikuwa bado zinacheza kwa sauti ya chini, na Kona alikuwa amefika kwa foromani. *Kengele ya lanchi ikilia, saa hiyo hiyo na—*

Pengo likapita. Ngigi hakulidaka. Hakuna aliyelidaka.

"Mama alinituma," Hashi alimwambia Ngigi, sasa bila maiki, lakini hata walio mtaroni walisikia. "Alisema, yule rafiki yake aliyekuwa akipiga simu Khalif akizidiwa, mchukue ukamwonyeshe alipolala. Nimekuja kukupeleka. Kumbe ulifika."

"Brathe..."

"Kona ya nyuma kulia ilikuwa wazi," Hashi alisema. "Nilisimamisha watu getini. Jua linawaka, imamu anangoja. Nikawaambia hiyo msiishike, kuna mtu wake yuko hapo Gikomba, ni karibu, anakuja. Wakasubiri. Mjomba wangu, mzee, chuma begani, akasubiri. Halafu simu ikatetemeka, nikasoma."

Maina alimgeukia Ngigi. Phares akageuka. Brashi ya mchoraji ilikuwa ikidondosha rangi nyeupe chini, tone moja moja, na hakuna aliyemwambia.

Hashi alimnyooshea Ngigi maiki.

"Niwaambie ulijibu nini, ama utawaambia mwenyewe?"